Kurudisha sifuri mahali pake: shajara ya ovadrafti yangu, 2025

Alhamisi, 2 Januari
Salio: −41,676. Kikomo: −40,000.

Ujumbe wa benki umeingia saa mbili kasorobo asubuhi, nikiwa kwenye foleni ya feri Likoni, Mombasa. Nimevuka kikomo cha ovadrafti, ile ruhusa ya benki ya kutoa pesa kupita nilizonazo, kwa shilingi 1,676 na naombwa niweke pesa upesi. Mshahara wa Desemba tulilipwa tarehe 20, kabla ya Krismasi. Ujao ni tarehe 31 Januari. Kutoka mshahara hadi mshahara ni siku 42, na zimepita 13 tu.

Nimefika ofisini nikachapisha taarifa ya akaunti, nikaisoma mstari kwa mstari kama ninavyosoma hati za kontena. Ndiyo kazi yangu. Ofisi yetu huwatolea watu mizigo bandarini, na mchana kutwa nahesabu siku za bure zilizobaki kabla kontena halijaanza kutozwa ada ya kukaa uwanjani. Mzigo wa mteja sijawahi kuuacha ulale hata siku moja kwa uzembe wangu. Akaunti yangu mwenyewe nimeiacha ilale zaidi ya miaka mitatu.

Jambo la kwanza nililoliona limenishika moyo: siku niliyovuka kikomo sikununua kitu. Tarehe 31 Desemba nilikuwa −39,410. Ikakatwa riba ya mwezi, 466. Zikabaki shilingi 124 kabla ya kugonga ukuta. Ndipo likaja agizo la kudumu, malipo yanayokatwa yenyewe kila mwezi, la bima ya elimu ya mtoto, 2,500, likakuta hakuna nafasi, likarudishwa. Ada ya agizo lililorudi ni 1,500, na juu yake ushuru wa bidhaa wa 20%, yaani 300. Benki imekataa kulipa 2,500, ikanitoza 1,800 kwa kukataa, na hizo 1,800 ndizo zilizonivusha.

Nimekokotoa riba pia. Kiwango changu ni 18% kwa mwaka na huhesabiwa kila siku. Ukidaiwa 40,000 ni shilingi 19 na senti 73 kwa siku. Kwa hiyo ada moja ya agizo lililorudi ni sawa na riba ya siku 91. Miaka yote hii nimekuwa nikiogopa riba, na adui mwingine yuko mlangoni.

La pili ni zito zaidi. Programu ya benki kwenye simu huonyesha namba mbili. Moja imeandikwa kwa herufi kubwa: salio linaloweza kutumika. Ya pili, ndogo, chini yake, ndiyo salio lenyewe. Ile kubwa huhesabu na ovadrafti ndani yake. Ikisema 690, maana yake nadaiwa 39,310. Mimi miaka yote nimekuwa nikitazama ile kubwa. Nikiona 690 nasema moyoni, nina mia sita na tisini, mwezi umekwisha, tuvumilie. Hata siku moja sikusema nadaiwa elfu thelathini na tisa. Sifuri yangu ilihama kutoka mahali pake ikaenda kukaa kwenye −40,000, na maisha yangu yakazoea kuanzia huko.

Ovadrafti hiyo niliomba 2021, mamangu alipolazwa. Hospitali ilitaka amana usiku ule ule, na benki ilinipa ndani ya siku mbili. Ilitufaa na sijutii. Mama akapona, akarudi nyumbani, ovadrafti ikabaki. Kila mwisho wa mwezi mshahara huifunika, na kila katikati ya mwezi unaofuata nishaichimbua tena.

Basi mradi ni huu. Kufikia mwisho wa Septemba, mkesha wa mshahara, akaunti isiwe chini ya sifuri. Nitapima siku hiyo moja tu kila mwezi, mkesha wa mshahara, kwa sababu siku ya mshahara kila mtu ni tajiri.

Jumapili, 5 Januari

Shule zinafunguliwa kesho. Mwanangu wa kwanza anaingia gredi ya tisa, wao ndio wa kwanza nchini kuisoma. Viatu na vitabu amelipa baba yao kutoka kwa kazi zake za kutengeneza majokofu. Kodi ya Januari nililipa Desemba, na kwa hilo nashukuru.

Nimevunja kibubu. Kulikuwa na 5,000 na sarafu. Nusu naipeleka benki kesho asubuhi nirudi chini ya kikomo, nusu inakwenda bima kabla siku 30 za kusubiriwa malipo hazijaisha.

Usiku, watoto walipolala, nimekaa na daftari la kurasa 96 nikanakili matumizi yote ya Desemba kutoka taarifa ya benki na ujumbe wa simu. Mistari 112. Nilitarajia kukuta kitu kikubwa, kitu ambacho ningekinyooshea kidole. Hakipo. Kuna michango ya harusi, makundi manne ya WhatsApp, jumla 6,500, na mbili kati ya hizo harusi sijui hata bibi harusi ni nani kwangu. Kuna tuktuk mara 17, kwa sababu natoka nyumbani nimechelewa. Kuna vinamba vya 50, 120, 200, vinavyofika 9,340 nikivijumlisha, na zaidi ya nusu yake siwezi kusema vilinunua nini. Nimevitazama muda mrefu hivyo. Pesa zimetoka mkononi mwangu na hazikuacha hata kumbukumbu.

Hata kutoa pesa nimetoa vibaya. Mara 11 nimekwenda kwa wakala wa M-Pesa kutoa 500. Kutoa 500 ni shilingi 29, na kutoa 2,500 ni shilingi 29 vilevile. Nimelipa 319 kwa kazi ambayo ingelipwa kwa 87. Nilikuwa natoa kidogo kidogo nikidhani najibana.

Jumanne, 14 Januari
Salio: −39,176.

Nimeomba ruhusa ya saa moja nikaenda tawini. Afisa aliyenipokea ni kijana mwenye adabu, akafungua akaunti yangu, akaangalia mshahara unavyoingia, akasema, "Mama, historia yako ni nzuri. Tunaweza kukuongezea mpaka elfu sitini."

Nikamwambia, "Mwanangu, nimekuja kupunguziwa."

Akadhani hajasikia vizuri. Nimemweleza: kuanzia Februari nataka kikomo kiwe 35,000, na nitakuwa nikirudi kila nikiweza kukishusha tena. Aliniuliza kama najua kwamba nikishusha kisha nikahitaji kupandisha, itabidi niombe upya na nilipe ada ya maombi. Najua. Hicho ndicho ninachokitaka. Nikilipa deni huku nafasi ikibaki palepale, ile namba kubwa kwenye simu itazidi kukua na itaniambia nina pesa. Kila nikilipa elfu tano nataka ukuta nao usogee elfu tano.

Akaniletea fomu. Ukurasa mmoja tu, sahihi mbili.

Ijumaa, 31 Januari
Mkesha: −39,896. Baada ya mshahara: +4,774.

Januari yote tumeishi kwa mapato ya mume wangu. Dawa za mama kanisaidia kaka yangu. Ndiyo, nimeandika mkesha −39,896, karibu sawa na nilikoanzia, maana riba na ada za mwezi zimekula 720. Sikuongeza deni, na kwa mwezi huu hilo ndilo nililokuwa nalo uwezo.

Bajeti ya Februari ni 38,500: kodi, mchango wangu wa chakula, mama 4,000, umeme na maji, nauli, bima, mchezo wetu wa kina mama wa kuchangiana kwa zamu 2,000, intaneti. Mshahara baada ya makato na baada ya sacco ni 44,670. Tofauti ni 6,170. Nimeandika kwa penseli.

Jumanne, 25 Februari

Leo kadi imekataa.

Ramadhani inaingia mwisho wa wiki hii, nami nilipita dukani mjini kabla ya kuvuka, nikachukua unga wa ngano, sukari kilo mbili, tende, mafuta lita tatu na kopo la maziwa ya unga. 2,365. Nilikuwa najua nina pesa. Nilijuaje? Nilijua kwa mazoea, kwa sababu mwili wangu bado unahesabu kutoka −40,000. Kikomo kimeshuka lakini kichwani mwangu hakijashuka.

Keshia akapitisha kadi mara mbili. "Imekataa, mama. Uko na M-Pesa?"

Kwenye simu nilikuwa na shilingi 60. Nyuma yangu foleni ya watu sita au saba, jioni, kila mtu anawahi feri. Mama mmoja akaniambia kwa upole kabisa, "Fuliza tu, dada, uende."

Hakunikejeli. Kwetu sote sasa ni neno la kawaida. Kufuliza ni neno la zamani, kufanya jambo mfululizo bila kukatiza, na tangu Januari 2019 ndilo jina la ovadrafti ya simu inayotumiwa Kenya nzima. Kwa mtu aliyepungukiwa mia mbili za nauli na kesho ana kazi ya kulipwa, ni msaada. Tangu Oktoba 2022 anayekopa hadi 1,000 ana siku tatu kabla ada ya siku haijaanza. Lakini kila shilingi inayoingia kwenye simu hulipa deni hilo kwanza, na mimi nina ovadrafti ya benki tayari. Ningekuwa nachimba shimo la pili ili nifukie la kwanza. Kidole kilikuwa kishafungua simu. Nimekiona kidole changu kinavyojua njia.

Nikaangalia salio linaloweza kutumika: 1,140. Nikamwambia keshia atoe mafuta na maziwa. Vikabaki unga, sukari na tende, 860, na kadi ikakubali. Yule kijana wa kupakia akachukua mafuta yangu akayarudisha rafuni, nami nikasimama nikiyatazama yanavyokwenda. Nilihisi joto mpaka masikioni.

Kwenye feri nimesimama ubavuni, upande wa upepo, nikafikiri. Kama kikomo kingekuwa 40,000 kama zamani, nisingejua lolote. Kadi ingekubali, ningefika nyumbani na mafuta lita tatu, na mkesha wa mshahara ningekuwa palepale. Aibu ya leo niliinunua mwenyewe tarehe 14 Januari kwa sahihi mbili, na naona bado ni bei nzuri.

Mafuta nimechukua ya kupima kwa duka la karibu na nyumbani, nusu lita. Yatatufikisha Ijumaa.

Ijumaa, 28 Februari
Mkesha: −34,960. Baada ya mshahara: +8,492.

Zimebaki shilingi 40 tu nigonge kikomo kipya. Lakini ni karibu elfu tano juu ya Januari!

Mshahara wenyewe umepungua. Nimeingiziwa 43,452, yaani 1,218 chini ya mwezi uliopita, na ofisi nzima leo ilikuwa na hati za mshahara mikononi. Ni NSSF. Kuanzia mwezi huu kiwango cha juu cha mshahara kinachokatwa kimepanda kutoka 36,000 hadi 72,000, na makato ni 6% yake. Mshahara wangu kabla ya makato ni 65,000, kwa hiyo nimetoka kukatwa 2,160 hadi 3,900. Kodi ya mapato imeshuka kidogo, 522, kwa kuwa NSSF huondolewa kabla ya kodi, na tofauti ndiyo hiyo 1,218. Ni akiba yangu ya uzeeni, sina ugomvi nayo. Lakini bajeti niliyoiandika kwa penseli imebidi niifute niiandike tena. Nina 4,952 za kufanyia kazi, zile 6,170 hazipo tena. SHIF, makato ya bima ya afya, na ada ya nyumba zimebaki palepale.

Kikomo nimeamua kukiacha 35,000 kwa Machi. Ramadhani naijua.

Jumamosi, 15 Machi

Nimefuturu kwa mama. Nilikwenda na mkate wa kununua na maboksi mawili ya juisi, naye akaviweka pembeni bila kuvigusa. Tulikula uji na mahamri aliyoyapika mwenyewe.

Baada ya Magharibi akaniuliza kwa nini siku hizi namhesabia pesa mkononi polepole. Mama haoni vizuri lakini haya anayaona. Nikamweleza yote: ovadrafti, kikomo, mradi, daftari.

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hiyo ziada wanayokukata kila mwezi inaitwaje?"

"Riba, mama."

Hakunikemea. Angenikemea ingekuwa nafuu. Akasema, "Nawe uliingia humo kwa ajili yangu."

Sikuwa na la kumjibu upesi. Usiku ule wa 2021 sikuuliza mtu, nilitafuta pesa tu. Nikamwambia, mama, ningeingia tena usiku uleule. Nililokosea ni kukaa humo miaka mitatu baada ya wewe kupona. Akataka nimpunguzie zile elfu nne ziwe mbili mpaka nimalize. Nimekataa, ni pesa za dawa. Basi akaniambia jambo moja: "Usinijie tena na maboksi. Njoo na miguu yako."

Nimerudi nyumbani na maboksi yangu mawili. Watoto wamefurahi.

Nimeandika pembeni mwa ukurasa: tangu 2008 nchini kuna benki zinazofuata sharia. Nikimaliza hapa nitakwenda kuwauliza. Siwezi kuhama na deni.

Jumatatu, 31 Machi. Idd
Mkesha wa mshahara ulikuwa −33,315. Baada ya mshahara: +10,137.

Nimevuka bajeti kwa zaidi ya elfu tatu. Futari, wageni wawili wa ghafla, nguo za watoto. Tunafunga mchana na jokofu linajaa kuliko miezi yote, na hilo ni jambo ninalotaka tulizungumze nyumbani kabla ya Shaaban ijayo. Leo basi. Watoto wamependeza.

Jumatano, 9 Aprili

Redio imesema Benki Kuu jana imeshusha riba yake hadi 10%, kutoka 10.75%. Mume wangu akasema huenda benki zikafuata, tungoje. Nimemfanyia hesabu kwenye karatasi ya mkate. Hata benki yangu ikishusha asilimia moja nzima, kwa deni la 30,000 la mwaka mzima ni shilingi 300. Agizo moja likirudi ni 1,800. Amekubali.

Jumamosi, 12 Aprili

Zamu yangu ya mchezo. Tuko kumi, kila mmoja elfu mbili, leo nimekabidhiwa 20,000 zikiwa zimefungwa kwenye pindo la leso.

Nilikuwa nishazipangia tangu Januari, zote benki. Mume wangu amekaa kimya mpaka chai ikaisha, kisha akasema, "Mama, nami nilikuwa na ombi. Ukiona haiwezekani, tutaacha."

Anataka pampu ya kuvutia hewa. Huwezi kujaza jokofu gesi mpya bila kutoa hewa kwanza, na yeye hukodi pampu ya mwenzake kwa 300 kila kazi. Ameona iliyotumika, nzima, kwa 8,000. Nikafungua daftari. Kazi 27 na imejilipa, na kwa mwezi hupata kazi za gesi tano au sita. Kwa miezi mitano hivi pesa imerudi, na baada ya hapo ni mia tatu zinazobaki nyumbani kila mara.

Nimesumbuka nalo mpaka saa nne usiku. Mradi huu ni wangu, lakini Januari yote sisi tuliishi kwa mikono yake. Nimempa elfu nane. Elfu kumi na mbili zinakwenda benki Jumatatu.

Jumatano, 30 Aprili
Mkesha: −18,853. Baada ya mshahara: +24,599.

Mara ya kwanza tangu 2021 mkesha uko juu ya −20,000. Kesho ni sikukuu, Ijumaa napita tawini kushusha kikomo hadi 20,000.

Ijumaa, 30 Mei
Mkesha: −18,161. Baada ya mshahara: +25,291.

Ami yetu amefariki Malindi. Nauli, mchango wa matanga, na siku tatu za kukaa kule: 4,200. Kwenye daftari nina safu mbili, moja ya yaliyopangwa na moja ya yaliyoponyoka. Hii nimeiandikia safu ya tatu, haina jina. Alinilipia mtihani wangu wa kidato cha nne.

Mwezi mzima umesogea kwa 692. Sawa.

Alhamisi, 31 Julai
Mkesha: −8,317. Baada ya mshahara: +35,135.

Sijaandika Juni. Hapakuwa na la kusimulia, na hilo lenyewe nalifurahia. Mkesha wa Juni ulikuwa −13,249. Kikomo sasa ni 10,000. Riba ya Julai ni shilingi 20. Nimeisoma mara mbili kuhakikisha: ishirini, ambazo Januari zilikuwa za siku moja.

Kilichobadilika zaidi ni asubuhi. Natoka dakika ishirini mapema, nashuka feri natembea mpaka ofisini. Tuktuk Julai nimepanda mara mbili, zote mvua. Michango ya harusi nimejiwekea: nachangia ninayemjua, na kiwango kimoja kwa wote. Dada mmoja wa ukoo amekasirika na ameniambia hivyo. Nimemwelewa, na sijabadilisha.

Wiki iliyopita benki imeniletea ujumbe: naweza kupandishiwa kikomo hadi 60,000 kwa kubonyeza namba moja. Nimeufuta nikiwa feri, katikati ya maji.

Jumatatu, 1 Septemba
Salio: +37,772. Kikomo: hakuna.

Mkesha wa Agosti ulikuwa −5,680, maana shule zilifunguliwa tarehe 25 na muhula wa tatu una mambo yake. Ningeweza kungoja mwezi mmoja zaidi niwe salama. Mume wangu alinishauri hivyo na ushauri wake haukuwa mbaya. Lakini deni limelipwa leo hii na mshahara, akaunti iko juu, na nikiiacha ile nafasi ya elfu kumi ikinitazama, nitaingia humo kufikia tarehe 20, najijua. Nimepita tawini saa ya chakula cha mchana.

Kijana yuleyule. Akaniuliza kama nina hakika, kwa kuwa kuanzia leo agizo lolote likija na akaunti haina kitu, litarudi na ada ni ileile. Nimemwambia nimehamisha bima ilipwe tarehe mbili. Akageuza skrini nione anapobonyeza. Akasema, "Mama, wewe wa kwanza kwangu." Nikatia sahihi mbili.

Septemba bajeti ni 37,700. Nimekata intaneti ya nyumbani kwa mwezi mmoja, watoto wanasomea ya simu yangu.

Jumatatu, 29 Septemba

Mshahara ni kesho.

Jioni nimenunua unga na nyanya kwa pesa za mfukoni, sikugusa kadi. Watoto wamelala. Nimefungua programu ya benki, na kwa muda nimeogopa kutazama, kama mtu anayesubiri majibu.

Salio linaloweza kutumika: 212. Chini yake, kwa herufi ndogo, salio: 212.

Nimeinua simu karibu na uso nikazisoma tena moja moja. Ni namba ileile, juu na chini. Mume wangu ameuliza gizani ni nini, nikamsogezea aone.